Kutu kwenye bawaba za kabati la sinki: tazama chupa kwanza

REHEMA: Karibuni. Leo tuko kwenye kabati la chini ya sinki. Bawaba zina unga mweupe, skrubu zimekuwa nyekundu, droo inakwama. Mwenye nyumba anadhani bomba linavuja, akikagua, pakavu. Kutu imetoka wapi, Juma?

JUMA: Kwenye chupa zilizomo humo. Mara nyingi kuna dawa ya choo yenye asidi ya haidrokloriki, au asidi ya kuondolea saruji kwenye vigae. Hutoa mvuke hata ikiwa imefunikwa, hasa kifuniko kikilegea au tone likibaki mdomoni mwa chupa. Asidi ya asilimia 30 na zaidi hufuka waziwazi. Ikishuka chini ya asilimia 20 hivi mvuke hupungua sana, ila haukomi.

REHEMA: Bila hata kumwagika.

JUMA: Bila tone. Mvuke unatua kwenye unyevu mwembamba ulio juu ya bawaba na kuwa asidi tena palepale. Bawaba nyingi ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki hiyo unene wake ni maikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Inaliwa kwanza, ndiyo huo unga mweupe. Ikiisha, chuma kinabaki wazi na kutu nyekundu inaanza. Tena kloraidi, yaani chumvi inayoachwa na asidi hiyo, inabaki pale na kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kutu huendelea hata chupa ikishaondolewa.

REHEMA: Ndiyo maana bawaba mpya nazo huharibika upesi.

JUMA: Hata za chuma cha pua. Kloraidi hutoboa utando unaokilinda. Utaona vidoa vya kahawia; visugue, chini yake kuna vishimo vidogo.

REHEMA: Na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe?

JUMA: Nayo inakula chuma. Huvunjika taratibu ikiwa ndani ya chupa, na joto huiharakisha. Unga na vidonge vya klorini vya bwawa la kuogelea ni vikali zaidi. Amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za usafi, nayo hushambulia vishikio vya shaba. Lakini naomba hili lisikike vizuri: asidi na klorini zisikae kabati moja kabisa. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu.

REHEMA: Kabati likishaathirika, tunaanzia wapi?

JUMA: Fungua madirisha, vaa glavu na miwani. Toa chupa zote, uzifute kwa kitambaa chenye maji. Cha asidi kisiguse cha klorini. Changanya vijiko 2 vya chakula vya soda ya kuokea katika lita 1 ya maji, ufute kuta za ndani, bawaba na reli. Panapotoa mapovu, asidi bado ipo, rudia. Kisha futa kwa maji safi mara mbili. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoondoa kloraidi. Soda huua asidi tu. Kausha, acha milango wazi mpaka mbao zikauke, halafu paka mafuta mepesi ya mashine.

REHEMA: Bawaba ipi ibaki, ipi itupwe?

JUMA: Yenye unga mweupe tu, ibaki. Springi ikiwa na kutu nyekundu, au skrubu ya kurekebishia mlango ikigoma kuzunguka, badilisha. Reli za gololi zilizoingia kutu usihangaike nazo, hazitateleza tena.

REHEMA: Na asidi ihamie wapi?

JUMA: Nje ya nyumba ikiwezekana: kivulini, penye hewa, pafungwe kwa kufuli watoto wasifike, na mbali na zana za chuma. Isimame wima kwenye beseni la plastiki, katika chupa yake ya asili. Kuifunga kwenye mfuko wa plastiki hakusaidii, mvuke hupenya.

REHEMA: Nitajuaje kabati limepona?

JUMA: Chukua misumari 2 mipya isiyopakwa zinki. Mmoja weka kabatini, mwingine chumba kingine. Baada ya wiki mbili ilinganishe. Wa kabatini ukiwa na kutu zaidi, na hakuna bomba linalovuja, ama umesahau chupa, ama kloraidi bado imo kwenye mbao. Rudia kufuta kwa maji kabla hujafunga bawaba mpya.