Tuchore kichwa cha treni cha S 3/6 cha Bavaria, tukianzia kwenye moto

Karibuni mezani, watazamaji wangu. Leo andaa karatasi ya A4 uilaze kwa upana, rula, bikari, kifutio, na penseli mbili: moja ngumu, moja laini. Tunachora kichwa cha treni ya mvuke kilichokuwa kikivuta treni za abiria za mwendokasi kusini mwa Ujerumani kuanzia mwaka 1908. Kinaitwa S 3/6, na kilitengenezwa na kampuni ya J. A. Maffei ya Munich, chini ya wahandisi Anton Hammel na Heinrich Leppla. Kwangu mimi hakuna kichwa cha mvuke kizuri kuliko hiki, na nitakuonyesha sababu yake kadiri tunavyochora.

Kipimo chetu ni chepesi: sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya chuma. Kichwa pamoja na behewa lake la makaa kina urefu wa mita 21 na kitu, kwa hiyo kitaenea vizuri kwenye karatasi yako na nafasi itabaki. Vipenyo vya magurudumu nitakavyokutajia ni vya kweli. Sehemu za kuyaweka tutazikadiria kwa macho.

Piga mstari mmoja mrefu, sentimita 5 kutoka chini ya karatasi. Hiyo ni reli. Upande wa kushoto weka alama ya sifuri, ndiyo pua ya kichwa chetu. Kabla ya kuendelea, lielewe jina. S ni herufi ya kwanza ya neno la Kijerumani Schnellzug, yaani treni ya haraka. 3/6 maana yake kichwa kina ekseli sita, na tatu kati yake ndizo zinazosukumwa na mvuke. Mbili za mbele na moja ya nyuma zinabeba uzito tu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo michoro mingi inapoharibika. Watu huanza na bomba la moshi, wakashuka kwenye boila, halafu magurudumu wakayabana mahali popote palipobaki. Mimi pia nilianza hivyo, na kila karatasi ilinipa kichwa kinachoonekana kama kitaanguka kifudifudi. Mambo yalikaa sawa siku nilipoanza na moto.

Chukua penseli ngumu. Kutoka kwenye alama ya sifuri pima sentimita 11 na nusu, kisha chora kisanduku chenye upana wa sentimita 2 na nusu. Chini yake kianzie sentimita moja na nusu juu ya reli, juu kiishie karibu sentimita 4. Hilo ndilo tanuri. Ndani yake kuna chanja ambayo makaa hulala juu yake yakiwaka, na chanja ya S 3/6 ina eneo la mita za mraba 4.5. Kumbuka tarakimu hiyo, kwa sababu umbo lote la kichwa hiki limetokana nayo.

Fikiria hivi. Reli za Ujerumani zina upana wa milimita 1,435 kutoka chuma hadi chuma. Aliyepanda SGR ya Kenya au ya Tanzania ameupita upana huohuo. Ndani ya reli kuna magurudumu, na ndani ya magurudumu kuna fremu. Tanuri ukilishusha katikati ya fremu, linabaki na upana wa kama mita moja tu. Ukitaka chanja ya mita za mraba 4.5 humo, itabidi iwe na urefu wa mita nne na nusu, na hakuna mtia makaa atakayerusha koleo hadi mwisho wake huku treni ikikimbia. Dawa yake ni kulipandisha tanuri juu ya fremu na kulitanua pande zote mbili. Lakini magurudumu makubwa yatalizuia, kwa hiyo linasogezwa nyuma yake. Sasa ule uzito wa nyuma utabebwa na nini? Na gurudumu dogo chini ya tanuri. Umeona? Ekseli ile ya sita haikuwekwa kwa urembo.

Chora gurudumu hilo sasa hivi. Lina kipenyo cha milimita 1,206. Fungua bikari milimita 6, chomeka sindano milimita 6 juu ya reli, sentimita 13 kutoka pua, uzungushe.

Magurudumu makubwa matatu yanafuata. Kipenyo ni milimita 1,870, hivyo bikari iwe milimita 9 na theluthi moja. Vitovu viweke kwenye sentimita 6, 8 na 10. Utaona duara zinakaribia kugusana. Ziache hivyohivyo, usizitenganishe ili mchoro upumue, kwa kuwa hata kwenye chuma zimesongamana hivyo.

Kwa nini 1,870? Gurudumu hilo likizunguka mara moja, treni inasogea karibu mita 5.9. Katika mwendo wa kilomita 120 kwa saa, linazunguka kama mara 340 kwa dakika, na kila mzunguko pistoni zinakwenda na kurudi. Gurudumu kubwa zaidi lingepunguza mizunguko na kuzipumzisha pistoni, lakini lingepoteza nguvu ya kupanda milima. Bavaria walijaribu. Mwaka 1912 na 1913 walitengeneza vichwa 18 vyenye magurudumu ya milimita 2,000, kisha wakarudi kwenye 1,870. Miaka michache kabla ya hapo Maffei walikuwa wametengeneza kichwa kimoja cha majaribio, S 2/6, chenye magurudumu ya milimita 2,200. Tarehe 2 Julai 1907 kilikimbia kati ya Munich na Augsburg kwa zaidi ya kilomita 154 kwa saa. Ulikuwa mwendo wa ajabu kwa wakati ule, ila kilikuwa na ekseli mbili tu za kusukuma, na treni nzito hazivutwi kwa mbio peke yake. Kilibaki kimoja.

Malizia na kile kigari cha mbele chenye magurudumu manne, mawili kila upande. Kipenyo ni milimita 950, bikari iwe chini kidogo ya milimita 5. Weka vitovu kwenye sentimita 1.8 na 4. Kigari hiki kinageuka chenyewe na kukiongoza kichwa kuingia kwenye kona.

Fremu tutaipita haraka, ila usiisahau. Chora mihimili miwili myembamba inayopita nyuma ya magurudumu, mmoja juu ya vitovu na mmoja chini, na uache uwazi kati yake. Ule uwazi ni muhimu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Bavaria walinunua vichwa kutoka Baldwin ya Philadelphia, Marekani, vilivyokuwa na fremu ya namna hii badala ya bamba zima la chuma. Maffei waliitazama, wakaielewa, wakaifanya yao. Ndiyo maana ukiangalia picha ya S 3/6 kwa ubavu, unaona mwanga unapenya chini ya boila.

Boila lenyewe ni mistari miwili ya ulalo. Wa chini uwe juu kidogo ya vichwa vya magurudumu, kama sentimita 2 juu ya reli, na wa juu usimame kwenye sentimita 3.8. Ianze kwenye tanuri uivute mbele hadi karibu sentimita 2 kutoka pua. Mkono ukitetemeka, tumia rula, hakuna aibu.

Sasa tumefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Simamisha video ukanoe penseli.

Juu ya kigari cha mbele, katikati ya yale magurudumu mawili madogo, chora silinda: kisanduku chenye urefu wa sentimita moja na kidogo, na kimo cha milimita 9. Utaona ni nene kupita unavyotarajia. Ni sahihi. Kichwa hiki kina silinda nne, zimepangwa safu moja kukingama chini ya kichwa cha boila: mbili zimefichwa ndani ya fremu, mbili zipo nje. Mvuke hutoka kwenye boila ukiwa na shinikizo la bar 15, ukapashwa moto tena kwenye mabomba ya Wilhelm Schmidt wa Kassel ili ukauke, ndipo unaingia kwanza kwenye silinda za ndani. Hizo ni nyembamba, kipenyo milimita 425. Ukishasukuma humo, mvuke umelegea na umepanuka, lakini bado una kazi ndani yake. Hautupwi. Unapelekwa kwenye silinda za nje, zenye kipenyo cha milimita 650 na mwendo mrefu zaidi wa pistoni, ukasukume mara ya pili. Ule unene unaouchora ni nafasi ya mvuke uliopanuka, zaidi ya mara mbili na nusu ya nafasi ya silinda ya ndani.

Kutoka kwenye silinda, vuta fimbo ya pistoni, kisha konrodi ndefu hadi gurudumu kubwa la katikati. Si la kwanza, ni la pili. Silinda zote nne zinasukuma ekseli hiyohiyo moja. Na pistoni ya ndani ikienda mbele, jirani yake ya nje inarudi nyuma, hivyo vishindo vinamezana. Kichwa kilikimbia kwa utulivu kwa sababu hiyo. Kisha unganisha magurudumu makubwa matatu kwa fimbo moja ya ulalo, na juu yake chora nyenzo nyembamba za vali, za mfumo wa Heusinger.

Waprusia, watu wa kaskazini mwa Ujerumani, hawakukubaliana na haya yote. Mhandisi wao Robert Garbe alitaka silinda mbili tu na mvuke mkavu, kwa hoja kwamba fundi lazima afike kila mahali kwa urahisi. Kichwa chake cha P 8 cha mwaka 1906 kilitengenezwa kwa maelfu, kwa hiyo hoja yake ilikuwa na uzito. Shirika la reli la taifa lilipounda vichwa vya 01 na 02 katikati ya miaka ya 1920, liliwapambanisha: 01 yenye silinda mbili dhidi ya 02 yenye nne. Mbili zikashinda. Hata hivyo 01 ilikuwa nzito, tani 20 kwa ekseli, na njia nyingi hazikuweza kuibeba. Wakaendelea kuagiza S 3/6 hadi mwaka 1931, jumla vikafika 159. Naona huo ni ushahidi mkubwa kuliko sifa yoyote, kwamba mchoro wa 1908 ulikuwa bado unahitajika miaka 23 baadaye.

Yaliyobaki ni mepesi. Mbele ya boila chora mlango wa koni, uchongoke kama mfuniko wa chungu. Bomba la moshi ni fupi, na ncha yake isipite sentimita 4 na nusu kutoka kwenye reli. Nyuma ya tanuri weka kibanda cha dereva. Vichwa vya mwanzo vilikuwa na kibanda chenye uso uliochongoka kukata upepo. Kisha behewa la makaa na maji, vigari viwili vya magurudumu manne, vipenyo vya kama mita moja.

Rangi ni chaguo lako, lakini chagua enzi moja. Ukitaka kichwa kama kilivyovuta treni ya kifahari ya Rheingold mwaka 1928 kandokando ya mto Rhine, boila iwe nyeusi na magurudumu mekundu. Ukitaka enzi ya ufalme wa Bavaria, boila iwe ya kijani. Ndugu zetu mlioko Munich, nendeni kwenye ukumbi wa usafiri wa Deutsches Museum mkasimame kando ya namba 3634. Nyingine, 3673, iko kwenye mji wa Nördlingen.

Mwisho andika namba ubavuni mwa kibanda, kwa penseli iliyonolewa sana. Kwa kuwa tumetumia bikari ya 1,870, usiandike namba yoyote kati ya 3624 na 3641, maana hizo ndizo zile 18 za magurudumu ya mita mbili. Mimi naandika 3601, ya kwanza kabisa.