Yu karibu hata usipohisi kitu

Bwana Yesu asifiwe. Asifiwe tena. Haya kaeni kaeni, najua mmechoka, toka Ijumaa Kuu mko kwenye hivi viti vya plastiki na leo ni Jumamosi usiku, kwahiyo sitawashikilia sana.

Kwenye ratiba wameniandikia "Imani na Maombi", mada pana sana hiyo, mi nimeamua niongee na mtu mmoja tu humu ndani. Yule ambaye anaomba halafu hahisi kitu. Jirani yako analia, mwingine anatetemeka, mwingine kashaanguka kule mbele, wewe umefumba macho unawaza nauli ya kurudi chuo, halafu moyoni unajiuliza mbona mimi simsikii, nina dhambi gani, au Mungu anawajua hawa mimi hanijui. Kama uko hapa usinyooshe mkono, sikiliza tu.

Fungua Zaburi ya 145, mstari wa 18. "BWANA yu karibu na wote wamwitao, wote wamwitao kwa uaminifu." Basi. Sasa nitafutie humo mahali palipoandikwa wote wanaosisimka mwili. Hamna. Imeandikwa wamwitao. Kuita ni kwako, kuwa karibu ni kwake, na hisia hazijatajwa kabisa. Waebrania 11:6 nayo inasema mtu amwendeaye Mungu lazima aamini kwamba yeye yuko. Aamini! Kama kila ukipiga magoti ungekuwa unamuona au unaguswa bega, hilo neno aamini lingekuwa linafanya nini hapo?

Na sisi tunaoongea Kiswahili tumebarikiwa kwenye hili neno karibu, maana kwetu lina mambo mawili, kutokuwa mbali na kukaribishwa ndani. Unaenda kwa mtu jioni umeme umekatika, pazia liko mlangoni, ndani giza, unapiga hodi, unasikia sauti "karibuu, pita ndani". Humuoni mtu. Unafanyaje? Unavua viatu unaingia. Husimami pale barazani ukasema ngoja kwanza nijisikie nimekaribishwa ndo niingie. Mwenye nyumba kashasema, na neno lake linatosha. Mi hapo ndipo nilipoielewa imani, na sijui namna nyingine ya kuieleza.

Lakini sitaki mtu aone nasema maneno rahisi. Mwaka juzi baba yangu alilazwa. Usiku wa pili tulitolewa wodini, nikalala kwenye benchi koridoni, kama saa nane usiku hivi, mbu, harufu ya dawa ya kupigia deki, nesi anapita na ndala zake pata pata pata, kila akipita nainua kichwa nione kama ananifuata mimi. Niliomba usiku ule jamani. Niliomba nikarudia maneno yale yale mpaka yakaisha ladha, nikabaki nasema Yesu, Yesu, baba, Yesu. Sikuhisi amani ile mnayoisikia kwenye shuhuda. Ilikuwa kama naongea na ule ukuta wa rangi ya bluu mbele yangu. Siku ya tatu alfajiri baba akafariki.

Nawaambia hivi kwa sababu wahubiri wengi huwa tunachagua zile shuhuda zenye mwisho mzuri, na yule ambaye mwisho wake haukuwa hivyo anarudi nyumbani akiamini Mungu hakuwepo. Baada ya msiba nilikaa miezi siwezi kuomba zaidi ya dakika mbili. Kilichonirudisha ni Zaburi ya 88. Kaisome leo kabla hujalala. Zaburi nyingi za kulia zina mahali zinageuka, mtu analalamika weee halafu anasema lakini mimi nitakutumaini. Hii haigeuki. Inaanza na kilio inaisha na giza, neno la mwisho kabisa ni gizani. Lakini angalia anavyoanza, "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu, mchana na usiku nimelia mbele zako." Mbele zako! Mtu haoni kitu, anasema wazi umenificha uso wako, na bado anaongea nae kama mtu aliye mbele yake. Na Mungu akaiacha hiyo zaburi ibaki kwenye Biblia. Hakuitoa. Mi niliposoma hapo nililia, nikasema kumbe hata benchi la koridoni lina zaburi yake.

Halafu hauko peke yako. Mama Teresa wa Kolkata, yule mtawa aliyewahudumia maskini kule India, alifariki 1997, na miaka kumi baadae, 2007, barua zake zikachapishwa, watu wakashangaa kumbe kwa miongo mingi yule mama alikuwa akiomba ndani ya ukavu na giza, hahisi uwepo wa Mungu, na kila asubuhi anaamka anaomba na anaenda kwa maskini wake. Kuna watu walisema kumbe hakuwa na imani. Mi naona kinyume chake kabisa, kuamka miaka yote hiyo bila kuhisi kitu, kama hiyo sio imani basi sijui imani ni nini.

Na kesho ni Pasaka kwahiyo lazima niwapeleke Emau, Luka 24. Watu wawili wanatembea kutoka Yerusalemu, nyuso zimekunjamana, Yesu mwenyewe anakuja anatembea nao na macho yao yamefumbwa wasimtambue. Anawauliza mnaongea nini? Wanamwambia habari za Yesu wa Nazareti, sisi tulikuwa tukitumaini yeye ndiye atakayewakomboa Israeli. Mmeona? Wanamlalamikia Yesu kwamba Yesu hayupo, na yuko hatua moja kutoka kwao, vumbi lile lile miguuni! Kila nikifika kwenye ule mstari wa tulikuwa tukitumaini naikumbuka ile koridoni. Na yeye hakuwagombeza akaondoka. Alitembea nao njia nzima, wakamkaribisha ndani, na walipomtambua akatoweka machoni pao. Ndo wanaulizana sasa, mioyo yetu haikuwa ikiwaka kule njiani? Yaani waliijua baadae. Wakati yanatokea walikuwa wanatembea tu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatandika kanga chini pembeni ya kitanda, anaanza kumweleza Mungu mambo yake kwa sauti ya kawaida kabisa, ng'ombe kakataa kula, ada ya fulani haijapatikana, goti linauma. Nikiwa mdogo nilimuuliza, bibi, huyo Mungu unamsikia anavyokujibu? Akasema, "Mjukuu wangu, mimi simsikii. Yeye ndiye anayenisikia." Akakunja kanga yake akaenda kuwasha moto. Mi nilidhani hajanijibu.

Sasa tuombe. Mpiga kinanda naomba upumzike kidogo mdogo wangu, na fundi mitambo zima kila kitu, sitaki muziki utusaidie. Tutakaa kimya dakika tano. Usijilazimishe kulia, usimuangalie jirani. Ongea nae, hata kama ni habari ya nauli. Ukimaliza maneno kaa hapo hapo mbele zake.

Haya, tufumbe macho.