Mkono Unaokwenda Usikotumwa

Ndugu wazazi, na ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii, karibuni.

Mnyooshee kikombe cha uji mtoto mwenye atetosisi, ugonjwa wa mijongeo isiyotawalika, kisha utazame mkono wake. Vidole vinatanuka, kifundo kinapinda nyuma, mkono mzima unajinyonganyonga polepole. Mdomo nao unafunguka, na vidole vya mguu vinajikunja. Kadiri anavyojitahidi ndivyo mkono unavyozidi kwenda usikotumwa. Akipitiwa na usingizi, kimya. Hapo majirani husema, “Si mnaona, anajideka!” Hajideki. Ndivyo ugonjwa ulivyo; aliyeupa jina ni daktari William Hammond wa Marekani, mwaka 1871.

Ugonjwa huu una ndugu zake, magonjwa mengine ya mijongeo. Mtoto wa shule aliyeumwa koo miezi michache nyuma, sasa anaangusha vyombo, mwandiko umevurugika, viungo vinarukaruka: hiyo ni korea ya Sydenham, na apimwe moyo, kwa sababu inatokana na homa ya baridi yabisi, inayoweza kuharibu moyo. Na aliyekunywa metoklopramidi kuzuia kutapika, kesho yake shingo ikapinda na macho yakapanda juu, msimpeleke kupunga pepo. Mrudisheni hospitali na pakiti ya dawa mkononi. Ipo sindano ya kumfungua.

Lakini leo nataka tukae kwenye manjano ya mtoto mchanga, kwa kuwa hapo ndipo atetosisi inapozuilika. Sisemi homa ya manjano ya mbu. Hayo ni mengine. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, taka ya rangi ya njano, na ini la kichanga bado halina nguvu ya kuiondoa yote. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo na kuviunguza viini vya ndani vinavyoratibu mijongeo, pamoja na njia za usikivu. Ndiyo maana mtoto mwenye atetosisi ya aina hii lazima apimwe na masikio. Wapo walioitwa wazito wa akili, kumbe hawasikii.

Kwetu kuna jambo la ziada: upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu; ni wa kurithi, ulioenea penye malaria na unaowapata zaidi wavulana. Mtoto wa namna hiyo ukimvisha nguo zilizokaa kabatini na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, damu yake inaweza kuvunjika kwa kasi ya kutisha. Nguo za mtoto zifueni, na vidonge hivyo visikae humo kabisa.

Najua swali linalokuja: jua la asubuhi je? Bibi zetu hawakubahatisha. Miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa vichanga juani, ikaonekana ngozi iliyopigwa na jua imepungua manjano. Madaktari wakatengeneza taa ya kupunguza manjano, na taarifa yao ikatoka 1958. Taa ya buluu ya leo ni mjukuu wa jua lile, ila taa ina kipimo na inawaka hata usiku wa manane. Kumwanika mtoto barazani siku tatu huku anazidi kuwa wa njano ni kupoteza zile siku ambazo taa ingefanya kazi.

Mtazame mchana, mlangoni. Bonyeza ngozi ya paji la uso au kifua, achia, angalia rangi iliyobaki. Kisha angalia ufizi, weupe wa macho, viganja na nyayo. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani, au mtoto amelegea, hanyonyi, analia kwa sauti nyembamba na kukunja mgongo nyuma: hospitali saa hiyohiyo.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza kama mwanawe wa miaka sita atapona. Mama, kidonda cha ubongo hakiongezeki, lakini hakifutiki. Dawa kama benzeksoli huwasaidia baadhi. Kiti kinachoshika nyonga na miguu kitamsaidia zaidi, na alishwe akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo. Na kabla hujamlisha, muulize anataka uji au chai, umsubiri ajibu kwa macho.