Coccinelle haiwaki? Usinunue bobini bado

Jambo yenu ba papa, ba mama, na nyinyi vijana mnaoangalia kwenye simu ya mtu mwingine. Tuko Lubumbashi, komini ya Kenya. Hii ni Volkswagen Coccinelle 1300: injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, rejeta haina. Muzee mwenye gari ameileta ikivutwa kwa kamba, na njiani kila mtu alikuwa akimwambia anunue bobini mpya, ile inayotengeneza umeme mkali wa cheche. Bobini mimi nauza, ningeweza kunyamaza tu nipokee pesa. Lakini kwenye gari hili bobini ni kati ya vitu vya mwisho kufa. Twende.

Washa. Sikieni demareri, mota ya kuanzisha injini, inavyozunguka kwa uvivu. Batri iko chini ya kiti cha nyuma, nyanyua. Napima volti 12.5, nzuri. Ukikuta chini ya 12.2, nenda ukachaji kwanza ndipo urudi. Na kifuniko cha batri ukirudishe! Kiti hiki kina springi za chuma. Mtu mzito akikaa, springi zinagusa vichwa vya batri, kiti kinashika moto. Mama mkwe akisema kiti kina joto, usidhani anatafuta maneno. Mshushe.

Batri nzuri, demareri goigoi: tazama masi, njia ya umeme kurudi batri. Injini na giaboksi zinakaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme unarudi kwenye bodi kupitia mkanda huu wa waya uliosukwa, hapa mbele ya giaboksi. Vumbi letu jekundu likichanganyika na mvua ya Januari, mkanda unaota kutu na hakuna anayeukumbuka. Chukua waya mnene wa kuazimia umeme, bana upande mmoja kwenye giaboksi, upande wa pili kwenye chuma kisicho na rangi cha bodi. Gia iwe huru. Piga... Aah! Mmesikia hiyo? Demareri ya watu walitaka kuifungua bure. Fungua mkanda, piga msasa kote kuwili, kaza.

Inazunguka vizuri, bado haiwaki. Sasa tunatafuta cheche. Mudogo wangu, leta kamera juu ya delko, karibu zaidi... Hapana. Simama. Rudisha nyuma. Hapo kwenye mpira. Mnaona unavyong'aa? Muzee, zima kontakti. Ile ni esansi.

Cheche inangoja. Ondoa waya wa batri, hasi kwanza. Hapa hakuna kuvuta sigara, na wewe pale mlangoni nakuona. Pampu iko hapa, kabirateri kule juu, na mpira unaozifunga pamoja unapita jirani kabisa na delko, kazi yake kugawa cheche. Mpira wa kitambaa unakudanganya, juu unaonekana mzima. Ukunje hivi. Ona nyufa. Coccinelle nyingi zimeungua kwa kitu cha bei ndogo namna hii. Badilisha na ule unaotoka kwenye tanki, na uweke vibano vya kweli. Waya wa kufungia makaa si kibano.

Tumeshafunga mipira mipya, tumefuta, tumeacha hewa ipite mpaka harufu ikaisha. Ndiyo maana mnaona jua limehama. Tulikuwa tunakula michopo ya mbuzi, na pilipili ya mama wa pale kona haina huruma.

Rudisha batri. Chomoa waya wa katikati kwenye kifuniko cha delko, ushike kwa pensi yenye mpira mkononi, ncha ikae milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na kabirateri. Muzee, piga! Mnaona? Kacheche ka njano, kanakuja kanapotea. Tunataka ya buluu, yenye mlio. Hapa ndipo watu wanakimbilia bobini. Wewe fungua delko.

Klipu mbili, kifuniko kimetoka. Kidole cha delko, kile kinachozunguka kugawa cheche, kinavutwa juu. Ndani ni platini, zinazofunga na kufungua umeme wa bobini, na hizi zimeungua nyeusi. Sasa punguzeni kelele na mnisikilize. Platini zinashikwa na skurubu moja ndogo. Kabla hujaigusa, chukua kitambaa safi uzibe kila nafasi iliyo chini yake. Narudia: kitambaa kwanza, turnevisi baadaye. Skurubu ikiangukia ndani ya delko na ukazungusha injini, umevunja delko. Ikiangukia nje, inapotelea kati ya mabati ya injini na hutaiona tena. Turnevisi yangu ina sumaku, na bado naziba. Mudogo, umeziba? Nionyeshe. Sawa.

Chomoa kawaya, toa skurubu, iweke kwenye kisahani. Usiitie mdomoni! Weka platini mpya, rudisha skurubu, usikaze sana bado. Kitambaa hakijatoka, kwa sababu kurudisha ndiko kunakoiangusha zaidi.

Tunapima nafasi. Kontakti imezimwa. Ufunguo wa 21 kwenye nati ya puli ya dinamo, zungusha injini polepole mpaka kijiti cha platini kipande juu kabisa ya pembe ya shafti. Hapo nafasi iwe milimita 0.4. Kibamba cha kupimia kipite kikisuguana kidogo, kama kisu kwenye bukari iliyopoa. Kaza, kisha pima tena, maana ukikaza inahama. Tazama... imehama. Legeza, rekebisha, kaza. Haya. Tia tone la grisi kwenye pembe, tone tu. Kondensa, kakopo haka kadogo pembeni ya delko, nabadilisha hapohapo, yenyewe ikifa ndiyo inaunguza platini.

Skurubu iko wapi? Imekazwa. Sasa toa kitambaa.

Jaribu cheche. Buluu! Na bobini ni ileile ya muzee, hajalipa hata faranga. Funga kila kitu. Nyaya za bujii ukizichomoa zote pamoja, mpangilio wa silinda ni 1-4-3-2, na alama ya namba moja ni mkato ulio kwenye ukingo wa delko. Mimi huchomoa mmojammoja, sitaki kufikiri.

Muzee, kanyaga esansi mara moja, achia, piga... Ndiyo hiyo! Sikieni sauti hiyo. Msicheke moshi, itasafika.

Hatujamaliza. Ukibadilisha nafasi ya platini, wakati wa cheche nao umebadilika. Zima. Weka alama ya puli kubwa ya chini, si ile ya dinamo, kwenye mstari unaogawa injini katikati, kidole kielekee ule mkato wa namba moja. Balbu ya volti 12: waya mmoja kwenye masi, mwingine kwenye namba 1 ya bobini. Fungua kontakti, legeza delko, izungushe taratibu. Pale balbu inapoanza tu kuwaka, simama, kaza. Kontakti usiiache wazi bila injini kuunguruma, hapo ndipo bobini utaiua kweli.

Platini na kondensa ninazo. Njoo na zile za zamani mkononi tulinganishe, maana delko za Coccinelle hazifanani zote. Skurubu za akiba pia nauza, na zinanunuliwa sana.