Wingi wa nomino katika Kijojia: kiambishi kimoja na mwisho wa shina

Mabibi na mabwana, walimu wangu, na wanafunzi wenzangu wa lugha,

Mzungumzaji wa Tbilisi, mji mkuu wa Jojia, anaposimama mbele ya hadhira kama hii huanza kwa kusema kalbat'onebo da bat'onebo, na maana yake ni ile ile ya salamu niliyoitoa sasa hivi. Bat'oni ni bwana, kalbat'oni ni bibi, da ni "na". Sisi wingi tumeutanguliza, ma-bibi na ma-bwana. Wao wameuweka nyuma, kwa kiambishi tamati -eb-, na baada yake wakaongeza -o, ambayo ni alama ya kumwita mtu. Katika salamu hiyo fupi mna karibu kila kitu ninachotaka kukieleza leo: mahali wingi unapokaa, kinachoufuata, na namna unavyoungana na neno lenyewe.

Kijojia ni lugha ya Jojia, nchi ya Kaukazi ambayo wenyewe huiita Sakartvelo. Hakina undugu na Kirusi, wala na Kituruki, wala na Kiajemi, ingawa kimeishi jirani na lugha hizo kwa karne nyingi. Ndugu zake ni Kimingrelia, Kilazi na Kisvani. Huandikwa kwa alfabeti yake yenye herufi 33 isiyo na herufi kubwa, lakini leo nitatumia herufi zetu. Alama ya kikato, kama katika t' au k', inaonyesha konsonanti inayotamkwa koo likiwa limebanwa. Sauti kh na gh hazitawasumbua, kwa kuwa mnazo tayari katika kheri na ghali.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua sakhli, nyumba. Irabu i ya mwisho si sehemu ya shina, bali ni alama ya uhusika, yaani alama inayoonyesha kazi ya nomino katika sentensi. Iondoe, ubaki na sakhl-, ongeza -eb-, kisha urudishe i yako: sakhlebi, nyumba nyingi. Kijojia kina hali saba za uhusika, na alama zake zote hupachikwa nyuma ya -eb-: sakhlebma kwa watendaji, sakhlebis kwa umilikishi, sakhlebit kwa maana ya "kwa kutumia nyumba", na kuendelea. Wingi una kiungo chake na uhusika una chake, na havichanganyiki. Tena nomino ikishavaa -eb- hunyambulika kwa njia moja tu, hata kama katika umoja ilikuwa na tabia zake za pekee. Hilo ni jambo la kumtia moyo mwanafunzi: katika Kijojia wingi ni mnyoofu kuliko umoja.

Kazi iko kwenye kiungio, pale shina linapokutana na -eb-. Nomino zinazoishia kwa a huidondosha: deda, mama, ni dedebi; dzma, kaka, ni dzmebi; da, dada, ni debi. Zinazoishia kwa e, o au u hubaki kamili, hata irabu mbili zikigongana: mdinare, mto, ni mdinareebi; ts'q'aro, chemchemi, ni ts'q'aroebi; k'u, kobe, ni k'uebi. Mwanafunzi anayesikia e mbili mfululizo katika mdinareebi hudhani kuna kosa la uandishi, naye huifuta moja. Asiifute, maana ya kwanza ni ya shina na ya pili ni ya wingi.

Sasa tufike mahali ninapopapenda zaidi, na ambapo nilitumia muda mrefu kuliko pengine pote. Jirani ni mezobeli. Kwa kanuni niliyoitoa mngetegemea mezobelebi, lakini Wajojia husema mezoblebi. Rafiki ni megobari, marafiki ni megobrebi. Kijiji ni sopeli, vijiji ni soplebi. Irabu ya silabi ya mwisho ya shina imedondoka. Hutokea hasa pale shina linapoishia kwa irabu ikifuatwa na l, r, m au n, na wakati mwingine irabu mbili huondoka pamoja: kveq'ana, nchi, imepoteza a ya mwisho kama deda, ikapoteza na ile ya katikati, ikawa kveq'nebi; nayo panjara, dirisha, ikawa panjrebi. (Neno panjara wamelichukua kwa Waajemi, kama sisi tulivyolichukua dirisha kwa Waajemi hao hao.)

Kwa nini irabu hudondoka? Jibu linaonekana ukitazama viambishi vingine. Mezobeli katika umilikishi ni mezoblis, nayo irabu imedondoka; lakini kwa mtendaji ni mezobelma, na irabu imebaki. Kiambishi -is huanza kwa irabu, -ma huanza kwa konsonanti. Basi si wingi unaoikata irabu ya shina, bali ni irabu ya kiambishi kinachofuata (isipokuwa i ya mezobeli yenyewe na -o ya kumwita mtu, ambazo haziikati), na -eb- ni mojawapo tu ya viambishi vya namna hiyo. Nilipolielewa hilo nilirudi kwenye daftari langu la msamiati na kuandika upya kila nomino pamoja na umilikishi wake: mezobeli, mezoblis, megobari, megobris. Ukilijua umbo la umilikishi la nomino kama hizi, umeshajua shina litakalopokea -eb-. Zinahitaji uangalifu tu zile zinazoishia kwa e, ambazo huidondosha katika umilikishi, mdinaris, lakini huishika katika wingi. Na ziko nomino zenye sura ile ile zisizodondosha kitu: kartveli, Mjojia, ni kartvelebi, ingawa linafanana sana na mezobeli. Hapo hakuna njia ya mkato. Neno hujifunzwa lilivyo.

Jambo linalomsumbua zaidi Mswahili, hata hivyo, si namna ya kuunda wingi, bali ni mahali pa kuunyamazia. Sisi husema: vitabu vyangu viwili vikubwa vimepotea. Hesabuni: wingi umetajwa mara tano. Mjojia husema chemi ori didi ts'igni daik'arga, na humo wingi haukutajwa hata mara moja, ila kwa maana ya neno ori, mbili. Baada ya namba, na baada ya maneno kama bevri, "-ingi", nomino hubaki katika umoja, na kitenzi pia hubaki katika umoja. Namba ikiondoka, -eb- hurudi: chemi didi ts'ignebi daik'arga, na hapo wingi umetajwa kwenye nomino peke yake, kwa kuwa kivumishi didi hakibadiliki kwa ajili ya wingi. Miezi yangu ya kwanza niliandika ori megobrebi kila mara, na kila mara mwalimu aliikata ile -eb- kwa kalamu nyekundu. Mkono uliolelewa kwa upatanisho wa ngeli huona sentensi ya namna hiyo kuwa tupu, na kuuzoeza kunataka subira.

Kitenzi nacho kina siri yake. Bavshvebi izrdebian, watoto wanakua: kitenzi kiko katika wingi. Kheebi izrdeba, miti inakua: kitenzi kiko katika umoja, ingawa miti ni mingi. Tofauti ni uhai. Hili halipaswi kutushangaza sisi tunaosema vipofu wamekuja wala si vimekuja, na samaki wanaogelea wala si zinaogelea, kwa sababu kiumbe mwenye uhai hudai upatanisho wake hata dhidi ya umbo la jina lake.

Nimalizie na wingi wa kale. Kabla ya -eb- kutawala, Kijojia kilitumia zaidi -n- na -t-: k'atsni, wanaume, k'atsta, "wa wanaume". Haukufa. Umo katika q'velani, "sote" au "wote", katika mwito megobarno, "enyi marafiki", na katika majina ya taasisi: bavshvta kwa hospitali ya watoto, mts'eralta kwa chama cha waandishi, metsnierebata kwa Akademia ya Sayansi iliyoanzishwa mwaka 1941. Tazameni mts'eralta kwa makini. Waandishi, kwa wingi wa leo, ni mts'erlebi, na a imedondoka. Lakini katika mts'eralta a imesimama pale pale, kwa kuwa -ta huanza kwa konsonanti.

Sasa naandika ubaoni nomino tano: mts'erali, gogo (msichana), bavshvi (mtoto), panjara na mdinare. Naomba kila mmoja aandike kwanza umilikishi wa zile anazoweza, kisha wingi, na baadaye aweke neno sami, tatu, mbele ya kila moja, aone ni kitu gani hasa kinachobaki.