Je, Ilikuwepo Mkaikosa?

Mabibi na mabwana, wanafunzi wangu wapenzi,

Chukueni mwanamke wa miaka 54. Amepigwa picha ya matiti, barua ikamwambia hakuna dalili ya saratani. Baada ya miezi 14, akiwa anaoga, mkono unagusa uvimbe. Atakayekutana naye kliniki ajiandae kwa swali moja: je, ilikuwepo mkaikosa?

Nitazungumzia Uingereza, kwa kuwa mpango wao wa uchunguzi, ulioanza mwaka 1988, una utaratibu wa kulijibu. Huko wanawake huitwa kila miaka 3, kuanzia miaka 50 hadi wanapotimiza 71, na kwa kawaida kila picha husomwa na watu wawili. Hata hivyo, kati ya wanawake 1,000 walioambiwa wako salama, takriban 3 hupatikana na saratani kabla ya mwito unaofuata.

Picha ya zamani hutolewa ikasomwa upya, kisha huwekwa katika kundi mojawapo kati ya matatu. Kuna isiyo na lolote la kutiliwa shaka, na nyingi ni hizi: uvimbe umeota baadaye, au ulifichwa na titi lenye tishu nzito, ambazo kwenye picha ni nyeupe kama uvimbe wenyewe. Kuna yenye dalili hafifu, inayofaa kufundishia. Na kuna ile ambayo mwanamke alistahili kuitwa arudi, asiitwe.

Ugumu uko hapa. Mmewahi kuchambua mchele? Kijiwe cheupe kinakupita. Mwenzako akikuonyesha kwa kidole, unashangaa ulikipitaje. Anayekagua akijua tayari kwamba titi la kushoto, upande wa juu, lina saratani, naye ameshaonyeshwa kijiwe. Atamhukumu mwenzake bila haki. Ndiyo maana naamini sana njia ya kuichanganya picha hiyo na nyingi za wanawake wasio na saratani, na kuwapa wasomaji wasioambiwa lolote. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukaguzi wa kidole kwenye kijiwe haunifundishi kitu.

Na lazima saratani hizi zinazojitokeza kati ya mwito na mwito zihesabiwe, kwa kulinganisha orodha ya waliochunguzwa na rejista ya saratani. Kituo kisichohesabu huonekana hodari kuliko kinachohesabu, na hilo linaniumiza, maana anayedanganyika ni mgonjwa.

Turudi kwa yule mama. Picha yake ikiangukia kundi la tatu, kule daktari ana wajibu wa kumweleza na kumwomba radhi, hata kama hajauliza. Ikiwa ya kundi la kwanza, bado ana haki ya kuujua ukweli akitaka. Mpeni kiti. Picha zote mbili ziwe mezani, ya zamani na ya sasa, na aketi na mtu wake aliyemchagua. Asipotaka kuziona siku hiyo, mwambieni aje siku atakayokuwa tayari.