Coraline: mtoto aangalie au asubiri?

BARAKA: Haya karibuni tena. Leo tuna Coraline, ile katuni ya 2009, ya msichana mwenye nywele za bluu. Nimetaka tuiongelee kwa sababu vipande vyake vinazunguka sana kwenye simu, watoto wanavipenda, na mzazi akipita akiona ni katuni anasema aah muache aangalie.

SALMA: Na hapo ndipo wazazi wengi wanapoteleza kaka Baraka. Katuni ni namna ya kutengeneza filamu tu, haikwambii ni ya umri gani.

BARAKA: Kwa ambaye hajaiona. Coraline ana miaka 11, wamehamia nyumba mpya, baba na mama wako bize na kompyuta, wanaandika mambo ya bustani, hakuna anayemsikiliza. Anakuta kimlango ukutani, anapita, upande wa pili anakuta nyumba ileile, mama yuleyule na baba yuleyule, ila hawa wanapika vizuri, wanacheza naye, kila anachosema wanakisikiliza. Sasa kwenye macho, hawana macho, wana vifungo. Vile vya nguo, vyeusi.

SALMA: Na mimi nakwambia vifungo vyenyewe sio shida sana. Shida ni ile siku wako mezani, yule mama anamsogezea kiboksi kizuri, ndani kuna vifungo, sindano na uzi, anamwambia ukitaka kukaa na sisi moja kwa moja inabidi tukushonee hivi machoni. Na anasema kwa upole kabisa! Sasa mtoto wa miaka mitano, sita, akiumia anamkimbilia nani? Mama. Akiota vibaya anamwita mama. Halafu wewe unamwonyesha kwamba sura ya mama yake inaweza kuvaliwa na kitu kingine kinachomtaka macho, yaani unakuwa umemchukulia pale pale anapokimbilia.

BARAKA: Ila dada Salma, sisi tumelelewa na mazimwi bwana. Bibi anasema paukwa, nyie pakawa, halafu msichana kasahau kombe lake ufukweni, anarudi kulichukua analikuta zimwi limekaa juu ya mwamba, linamtia kwenye ngoma, linazunguka naye vijijini anaimba mle ndani watu wanapiga makofi. Tulisikia hizo tukiwa wadogo kabisa na tukalala.

SALMA: Tulilala kwa sababu bibi alikuwa anatuona. Akikuona umenyamaza, umekunja miguu, anakatisha, analiwahisha zimwi lipate adhabu yake, anakuvuta karibu. Filamu haimwoni mtoto. Inaenda dakika 100 na ukiogopa dakika ya 40 yenyewe inazidi kusonga, mama anarefuka, anakonda, mpaka mwisho amekuwa kama buibui. Na yule rafiki wa kule ng'ambo, Wybie, unakumbuka anavyoshonwa mdomo ubaki unatabasamu kwa sababu alionekana ana huzuni? Pale hata mtu mzima anajisogeza kwenye kochi.

BARAKA: Hapo kweli, sikatai. Tuje kwenye alama za umri zinazopewa filamu. Marekani na Uingereza wote wameipa PG, maana yake mzazi aongoze, na watu wanaisoma kama ruhusa. Hiyo PG ni pana mno, ndani yake kuna katuni za kuchekesha tupu na kuna hii. Marekani wenyewe waliongeza PG-13, yaani mzazi awe makini zaidi kwa walio chini ya miaka 13, mwaka 1984 baada ya wazazi kulalamika kuhusu filamu zilizopita na PG tu huku zinatisha. Uingereza nako ile katuni ya sungura, Watership Down, ya 1978, ilipewa U yaani ya kila mtu, sungura wanararuana damu tupu, na wakaja kuipandisha PG mwaka 2022. Miaka 44!

SALMA: Kwa hiyo alama isome, ila angalia mwenyewe kwanza. Mimi kwangu chini ya miaka minane hapana, tisa kumi ndio naanza kufikiria, na hapo namwangalia mtoto mwenyewe yukoje. Mtoto aliyefiwa na mama juzi, au nyumbani kaingia mama mwingine na bado hajamzoea, huyo hata akiwa na kumi na mbili asubiri.

BARAKA: Halafu kuna wale waigizaji wazee wawili jukwaani, mmoja katoka karibu uchi. Ni kichekesho na kinapita haraka, ila kama mnaangalia familia nzima na wakwe wapo ujue kipo.

SALMA: Sasa nisieleweke kwamba filamu mbaya. Naipenda sana kwa mtoto aliyefika umri. Coraline hakai kusubiri kuokolewa, yeye ndiye anarudi kuwatoa wazazi wake, anaogopa kabisa na bado anaingia. Na kuna kitu kikubwa mle kwa mzazi wa leo. Tunawaambia watoto usipokee pipi ya mtu usiyemjua, wakati wanaoharibu watoto mara nyingi ni watu wanaojulikana, wanaanza na zawadi, na kukusikiliza wakati nyumbani hakuna anayekusikiliza, ndio baadaye wanadai. Yule mama wa vifungo anafanya hivyo hivyo hatua kwa hatua, mtoto wa miaka kumi anaiona kwa macho yake, na wewe uko pembeni unaweza kumuuliza, wewe ungeshtuka lini? Ongea hayo hata kama chakula kinapoa.

BARAKA: Ila nyumba zetu sebule moja tv moja. Mkubwa ana kumi, mdogo ana mitano, unafanyaje?

SALMA: Mchana, mdogo akiwa chekechea au kwa jirani. Usiku usiweke, maana mkubwa naye anatoka hapo anaenda kulala. Na baadaye mtafutie video za walivyoitengeneza, ni vidoli vya kweli vinasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, kale kasweta ka Coraline kamefumwa kwa mkono. Mtoto akiona mkono wa fundi umemshika yule mama wa vifungo hofu inapungua sana.

BARAKA: Na katikati akisema zima?

SALMA: Unazima. Usimwambie imebaki kidogo, usimwambie mwanaume haogopi. Unazima, mnaenda nje.